Filme ya kulinda rangi ya gari nyeupe: kile inasaidia na kile haisaidii hapa kwetu

Kwenye parking za Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie, gari nyeupe hazikosekani. Jeep za mashirika, minibisi za usafiri, gari ndogo za familia zenye zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika: nyingi ziko nyeupe. Watu wanapenda rangi hiyo juu haivuti joto kama nyeusi, na mikwaruzo midogo haionekani haraka. Lakini nyeupe iko na shida zake. Mavumbi mekundu yanaipaka alama, mawe ya barabara yanaitoboa mpaka kutu inaonekana, na jua la kila siku linaikausha mpaka inatoa unga.

Siku hizi video zinazunguka kwenye simu zikionyesha fundi anabandika plastiki isiyo na rangi juu ya gari, kisha anaikwaruza na brosi ya chuma, anamwagia maji ya moto, na mikwaruzo inapotea. Wenye gari wanajiuliza kama kitu hicho kingeweza kusaidia hapa kwetu, na kama feza yake inafaa.

Jibu la kifupi ni hili. Filme nzuri inazuia mawe madogo, mchanga na uchafu wenye asidi, tena inapunguza mionzi ya jua yenye kufika kwenye rangi. Haiponyeshi rangi yenye imekwisha kugonjwa. Haipunguzi joto ndani ya gari. Na filme ya bei ya chini ikigeuka njano juu ya gari nyeupe, inaharibu sura ya gari kupita mawe yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima afya ya rangi, mbele ya kuuliza bei ya filme.

Filme hii ni kitu gani?

Ni plastiki nyororo yenye gundi upande mmoja. Kwenye boksi wanaiandika PPF. Historia yake inaanza miaka ya 1960, wakati wa vita ya Vietnam: kampuni ya Marekani 3M ilitengeneza plastiki ngumu ya kufunika mapanga ya helikopta, juu mchanga ulikuwa unayala. Nyuma ya miaka mingi, wakaipeleka kwenye gari za mashindano, kisha kwenye gari za watu wa kawaida. Leo inatumika sana Dubai na miji ingine ya nchi za Ghuba, fasi jua na mchanga ni vitu vya kila siku.

Unene wake ni kati ya mikroni 150 na 200. Mikroni moja ni milimita moja ukigawanya mara elfu. Ili kuelewa, unywele wa mtu uko na mikroni karibu 70. Rangi yote ya kiwanda juu ya chuma, tangu tabaka la chini mpaka la juu, mara nyingi iko kati ya mikroni 100 na 150. Ni kusema filme nzuri iko nene kupita rangi yenyewe. Ndiyo maana inaweza kupokea pigo la jiwe ndogo bila rangi kupasuka.

Juu ya filme nzuri kuko tabaka lingine jembamba lenye kujirudisha. Mikwaruzo myembamba, kama ile ya kitambaa chenye mavumbi, inajifunga yenyewe kama inapata joto la jua ao maji ya moto. Lakini tusidanganyike: kama jiwe ao msumari umekata filme mpaka ndani, hapo haijifungi tena.

Usiichanganye na vitre fumée. Ile inabandikwa kwenye vioo, inapunguza mwangaza, na inaweza kukuletea maneno na polisi wa barabara. Filme ya rangi inabandikwa juu ya karoseri tu, na haibadilishi rangi ya gari.

Namna gani rangi nyeupe inaharibika

Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya chuma kuko tabaka la kwanza la kuzuia kutu. Juu yake kuko tabaka la kulainisha, kisha rangi yenyewe, na mara nyingi mwishoni kuko verni, maana yake tabaka lenye kung'aa bila rangi.

Weupe wenyewe unatoka kwenye unga unaoitwa dioksidi ya titani. Unga huo unarudisha mwangaza vizuri sana, lakini mionzi ya jua ikiupiga, unaweza pia kuamsha kemia yenye inakula ile gundi ya kushikanisha rangi. Viwanda vinafunika chembe za unga huo ili kupunguza shida, lakini miaka ikipita, rangi iliyobaki juani inaanza kutoa vumbi nyeupe. Pitisha kidole kavu kwenye paa ya gari ya zamani yenye imeoshwa: kama kinatoka cheupe sawa chaki, rangi imeanza kuchoka.

Kuko shida ya pili, na wenye Toyota nyeupe wanapashwa kuijua. Huko Marekani, kampuni yenyewe ilifungua mpango wa kurudilia rangi bila mwenye gari kulipa, kwa baadhi ya gari zake za rangi 040, ile nyeupe ya kawaida, na 070, nyeupe ya lulu. Maelezo yaliyotolewa: jua, kwa muda mrefu, linaweza kulegeza mshiko kati ya tabaka la kwanza lililo juu ya chuma na tabaka linalofuata. Matokeo yake, rangi inaachana na chuma na inatoka kwa vipande vikubwa, hata kama hakuna jiwe lililopiga. Si kila gari yenye namba hizo iko na shida hiyo. Lakini kama umeona Toyota nyeupe yenye paa ao kapo imebanduka sawa ganda la ndizi, huenda haikuwa uzembe wa mwenye gari.

Namba ya rangi inaandikwa kwenye kibao kidogo cha chuma ao karatasi, chini ya kapo ao kwenye fremu ya mlango wa shofere. Itafute, uiandike kwenye simu yako. Itakusaidia siku ya kununua rangi ya kurekebisha.

Adui wa rangi katika majimbo ya mashariki

Watu wengi wa Butembo ao Bukavu wanasema: kwetu kuko baridi, jua halina nguvu. Rangi ya gari haiangalii baridi. Mionzi yenye inaharibu rangi haina joto. Inaweza kuwa kali hata siku ya hewa nzuri. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kwamba kila ukipanda mita 1000, mionzi hiyo inaongezeka karibu asilimia 10. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari. Tena tuko karibu na ikweta, fasi jua la saa sita linasimama juu ya kichwa, na kipimo cha mionzi kinapita mara nyingi 11, yaani kile OMS inaita kiwango cha kupita kiasi. Uvira na Kalemie, chini kwenye ziwa Tanganyika, kuko joto zaidi, na joto lenyewe linachokesha gundi na plastiki. Kila fasi iko na adui wake.

Adui wa pili ni barabara. Mawe ya volkano ya Goma yako magumu na yako na makali. Kwenye barabara za udongo za Sud-Kivu, Maniema, Ituri na Tanganyika, gari ya mbele inarusha changarawe moja kwa moja kwenye kapo yako. Wakati wa kiangazi, mavumbi mekundu yanaingia kila fasi, na yako na chuma ndani. Yakishika juu ya rangi nyeupe yenye imechoka na kupokea umande kila asubuhi, yanaacha alama ya rangi ya chungwa yenye sabuni haitoi.

Adui wa tatu ni asidi. Mavi ya ndege, wadudu wenye wanapasukia mbele usiku, utomvu wa mti wa parking: vyote vinakula verni kama vinakaa juani siku mbili ao tatu. Kwa wakaaji wa karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, kuko pia gesi ya kiberiti yenye inachanganyika na mvua, na majivu ya volkano. Majivu hayo si kama majivu ya makala. Ni vipande vidogo sana vya kioo na vya jiwe. Mtu akiyapangusa na kitambaa kavu, ni sawa anapitisha karatasi ya msasa juu ya gari.

Joto: tusiombe filme kile haiwezi

Wauzaji wengine wanasema filme inafanya gari ibaki baridi. Hapana. Filme isiyo na rangi haibadilishi sana joto la chuma wala la ndani. Kile chenye kinasaidia ni rangi ya gari yenyewe. Kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2011, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliweka juani gari mbili za Honda Civic, moja nyeusi na moja ya rangi ya feza. Paa ya ile nyeusi ilipita ile ingine kwa hadi nyuzi 25, na hewa ya ndani ilipita kwa nyuzi 5 ao 6. Nyeupe nayo iko kati ya rangi zenye kurudisha jua vizuri. Ni kusema mwenye gari nyeupe amekwisha kupata faida hiyo bure, bila filme.

Filme za namna mbili, na shida ya njano

Sokoni kuko plastiki za namna nyingi, lakini kwa mnunuzi tuzigawanye mbili. Ya kwanza inaitwa TPU. Inavutika sawa kauchu na inarudi kwa kipimo chake. Ndiyo yenye tabaka la kujirudisha, na ile ya makampuni yenye kujulikana inapewa garanti ya miaka 5 mpaka 10. Ya pili ni PVC, plastiki ya bei ya chini. Ukiivuta inabaki imelegea, joto linaikausha, inakuwa ngumu na inapasuka kwenye kona.

Hata ndani ya TPU kuko tofauti. Kuko zenye zimetengenezwa na kemia yenye inavumilia jua, na zingine zenye zinageuka njano haraka. Kwa macho, siku ya kununua, zote zinafanana. Ni jua ndilo linazitenganisha.

Juu ya gari nyeusi ao ya buluu, njano kidogo haionekani. Juu ya gari nyeupe inaonekana toka mbali, zaidi kama umefunika kapo peke yake na milango imebaki bila filme: gari inafanana na ile yenye imeazima kapo ya gari ingine. Kwa hiyo mwenye gari nyeupe anapashwa kuwa mkali zaidi kwa ubora wa filme kupita mwenye gari ya rangi ingine.

Majaribio yenye unaweza kufanya bila mashine:

- Omba kipande kidogo cha filme. Kivute na vidole, kisha uachilie. Kikirudi kwa kipimo chake, ni dalili nzuri. Kikibaki kirefu na kimekunjamana, ukiache.
- Bandika kipande juu ya bati nyeupe yenye imepakwa rangi. Funika nusu yake na karatasi nzito, weka juani juu ya nyumba kwa mwezi moja ao miwili. Toa karatasi, linganisha. Tofauti ikionekana, usiiweke kwenye gari.
- Angalia boksi na bobini: jina la kiwanda, namba ya bobini na karatasi ya garanti viwe vinapatana. Bobini isiyo na jina haina mtu wa kuuliza siku ya shida.

Mbele ya kubandika: pima afya ya rangi

Hapa ndipo feza nyingi inaweza kupotea. Gundi ya filme inashika kile chenye kiko chini yake. Kama rangi haishiki chuma vizuri, siku ya kutoa filme, rangi nayo itafuata. Gari nyingi za okazioni zilikwisha kupigwa na kupakwa tena, huko zilikotoka ao hapa, na mwenye kuuza hasemi.

Fanya hivi, mchana, gari ikiwa safi:

Angalia rangi ya kila kipande ukiwa umesimama kwa pembeni. Nyeupe mbili zenye hazifanani, moja inaelekea buluu na ingine inaelekea maziwa, zinaonyesha kazi ya garaji. Angalia kauchu za milango na za vioo: kama kuko ukungu wa rangi juu yake, mtu alipuliza rangi hapo.

Chukua sumaku ndogo, uifunge na kitambaa chembamba, uipitishe kwenye milango, mabawa na kapo. Fasi inakataa kushika ao inashika kidogo, huenda chini kuko mastiki. Lakini kumbuka, kapo ya gari zingine ni ya aluminiyumu, na parashoki ni plastiki. Hapo sumaku haishiki hata kidogo na si dalili ya mastiki.

Pitisha ukucha kwenye alama za mawe. Kama ukingo wa rangi unainuka sawa ganda, usibandike filme hapo. Fundi wa rangi apitie kwanza.

Chukua kitambaa cheusi na polishi kidogo, sugua fasi ndogo yenye kujificha. Kitambaa kikitoka na weupe, gari haina verni juu; ni nyeupe kavu. Filme inaweza kukaa juu yake, lakini kwanza unga wote uliokufa uondolewe mpaka kufika kwenye rangi yenye nguvu.

Kama kipande kimepakwa rangi karibuni, subiri. Rangi ya garaji inaonekana kavu kwa siku moja, lakini ndani inaendelea kutoa hewa ya diliya kwa majuma mengi. Mafundi wa filme wanaomba kungoja siku 30 mpaka 90. Hapa kwetu, fasi garaji nyingi hazina chumba cha joto cha kukaushia, afazali kuchukua ile namba kubwa.

Gari nzima ao fasi fulani tu?

Bobini ya kawaida iko na upana wa metre 1,52 na urefu wa metre 15, karibu metre carré 23. Hiyo inatosha gari moja ya kipimo cha kati. Kufunika gari nzima na filme nzuri, pamoja na kazi ya fundi, kunaweza kupita dolari elfu moja na kufika elfu kadhaa. Kwa gari nyingi za hapa, hiyo ni feza nyingi kulingana na bei ya gari yenyewe.

Lakini mawe hayapigi kila fasi. Yanapiga parashoki ya mbele, ukingo wa kapo, mgongo wa vioo vya pembeni, fare, na chini ya milango nyuma ya matairi. Kuko pia fasi zenye mikono na mizigo zinakwaruza: ndani ya kishikio cha mlango, kizingiti cha mlango, na ukingo wa parashoki ya nyuma fasi unapandisha mizigo. Ukifunika hizo peke yake, umekwisha kulinda kile chenye kinaharibika sana, kwa sehemu ndogo ya bei.

Jambo moja la kufikiria ni aina ya nyeupe. Nyeupe kavu kama 040 ni rahisi kwa fundi wa rangi kurekebisha. Tone moja na brosi ndogo kwenye alama ya jiwe halionekani sana. Nyeupe ya lulu kama 070 inatiwa kwa matabaka zaidi na ni ngumu kupatanisha. Mara nyingi kipande kilichorudiliwa kinaonekana. Kwa hiyo filme ina maana zaidi kwenye nyeupe ya lulu yenye rangi ya kiwanda ingali nzima. Mnunuzi wa kesho akiona rangi ya kwanza ya gari, haogopi kwamba ilipata aksida.

Uliza fundi wa rangi bei ya kupaka kapo na parashoki. Uliza bei ya filme ya fasi hizo. Kama filme inapita rangi mara mbili ao tatu, na gari yako ni nyeupe kavu ya kazi, afazali feza hiyo iende kwenye matairi na freni.

Namna kazi inapashwa kufanyika

Gari inaoshwa, kisha alama za chuma na utomvu zinaondolewa na dawa yake na udongo wa kusafishia rangi, mpaka mkono unapita bila kuhisi chembe. Juu ya nyeupe, hatua hii ni ya lazima: nukta ndogo ya kutu yenye inabaki chini ya filme itaonekana kila siku, na hutaweza kuifikia tena.

Kisha fundi anamwagia karoseri maji yenye sabuni kidogo, analaza filme, anaipanga, na anasukuma maji inje na rakleti ya kauchu. Kwenye kona anatumia maji yenye alkoli ili gundi ishike.

Kazi ifanyike ndani ya nyumba yenye kufungwa, chini kumemwagiwa maji ili mavumbi yasipande. Parking ya wazi kwenye barabara ya udongo haifai hata kidogo. Chuma kisiwe na joto: gari ikitoka juani, gundi inashika mbele ya fundi kupanga filme, na mikunjo inabaki. Uvira, Kindu ao Kalemie, asubuhi mapema ndiyo saa nzuri.

Omba fundi akate filme mbali na rangi, ao atumie vipande vyenye vilikatwa na mashine kufwatana na aina ya gari. Wembe juu ya karoseri unaweza kukata rangi mpaka chuma, na hutaona mpaka siku kutu itaanza. Omba pia akunje kingo kwenda ndani, fasi inawezekana. Ukingo wenye unabaki wazi unakamata mavumbi, na juu ya gari nyeupe unakuwa mstari mweusi.

Vipovu vidogo vya maji vinaweza kubaki na vinapotea kwa siku ao majuma machache. Vipovu vya hewa na chembe za mchanga havipotei. Usioshe gari kwa siku 7, na siku ya kwanza na ya pili usiende mwendo mkali.

Kuitunza na kuitoa

Filme inahitaji kuoshwa sawa rangi. Mwaga maji mengi kwanza ili mchanga uanguke, kisha tumia sabuni ya gari na kitambaa laini. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali. Kwenye fasi za kuoshea gari, mwambie kijana asimamishe mashine ya presha nusu metre kutoka kwenye karoseri, na asielekeze maji kwenye ukingo wa filme. Kingo zisafishwe na brosi laini. Mavi ya ndege yaondolewe siku ile ile, na maji, bila kusugua; yanaweza kuacha alama hata juu ya filme. Majivu ya volkano yaondoke na maji tu.

Angalia filme kila miezi michache. Ikianza kuwa njano, ngumu, ao na nyufa ndogo, itoe mapema. Filme yenye imekufa juani inakatika vipande vidogo na inaacha gundi yote kwenye rangi. Kuitoa, inapashwa joto polepole kwa mashine ya hewa ya moto, kisha inavutwa taratibu ikiwa imelala karibu na karoseri. Usiivute kwenda juu kwa nguvu. Gundi iliyobaki inatoka na dawa ya gundi yenye imetengenezwa kwa rangi ya gari. Esanse na diliya zinaweza kula verni.

Kama feza ya filme haiko

Kuegesha gari kivulini, hata chini ya paa ya mabati, kunasaidia rangi kila siku. Ukitumia bashi, gari iwe safi kwanza na bashi ifungwe vizuri, juu upepo ukiicheza juu ya mavumbi inasugua rangi. Sira ya gari, kila miezi miwili ao mitatu, inafanya mavumbi mekundu yasishike; haizuii mawe. Ile dawa wanaita seramiki nayo iko na mikroni chache tu: inasaidia kuosha na kung'aa, lakini haizuii jiwe, hata kama muuzaji anasema hivi.

Bavete nyuma ya kila tairi zinazuia changarawe yenye matairi yako yenyewe yanarusha kwenye milango. Kubaki mbali na lori ya mbele kunazuia ingine. Na kwa alama zenye zimekwisha kuingia, chupa ndogo ya rangi ya namba yako: safisha alama, ikauke, tia tone, mbele kutu haijaanza kutembea chini ya rangi.

Maswali ya kuuliza fundi mbele ya kutoa avansi

- Filme hii ni TPU ao PVC, na naweza kuona boksi na namba yake?
- Garanti inahusu njano? Nani ataijibu hapa, na kwa karatasi gani?
- Naweza kuona gari nyeupe yenye ulifunika mwaka moja ao miwili iliyopita?
- Utakata filme juu ya gari ao mbali nayo?
- Rangi ikibanduka wakati wa kutoa, nani atalipa?

Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Gari nyeupe yenye imepita miaka miwili kwenye jua la hapa, filme ikiwa ingali nyeupe na kingo zimelala, itakuambia ukweli wa fundi na wa bobini yake kupita video yoyote. Nenda kuiangalia mchana, saa jua linawaka.